Kuingiza wahusika wa kitabu kikubwa kwenye D&D ya wanaoanza: mwongozo kamili kwa mwendesha mchezo

Swali huja kikao cha tatu au cha nne. Wachezaji wameshazoea dadu, wameshawashinda magoblini wa barabarani, na hakuna tena anayeuliza dadu ya pande 20 ni ipi. Ndipo mmoja anakugeuzia simu yake uone picha ya mtu mwenye pembe, mkononi ameshika moto. "Huyu naweza kuwa?"

Ukijibu hapana, unamzima mtu aliyeanza kuupenda mchezo. Ukijibu ndiyo bila kufikiri, wiki mbili baadaye meza nzima inakaa kimya ikimsubiri afungue kurasa kutafuta uwezo wake unafanyaje kazi. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kujibu ndiyo kwa mpango. Ninazungumzia Dungeons & Dragons (D&D), mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, ya toleo la tano, vitabu vya 2014, kwa kuwa ndiyo wengi wetu tumeanzia: sanduku la kuanzia au sheria za bure upande mmoja, na Player's Handbook, ninachokiita kitabu kikubwa au kikuu, upande wa pili.

Kwanza tuelewane majina, maana vitabu viko kwa Kiingereza. Nikisema mpiganaji, kitabuni utamkuta kama Fighter. Kuhani ni Cleric, mjanja ni Rogue, mchawi ni Wizard. Hao wanne ndio fani za wanaoanza. Katika kitabu kikubwa wanaongezeka wanane: mbabe ni Barbarian, manju ni Bard, mtawa ni Monk, mwanapori ni Ranger, mlozi ni Warlock, na Sorcerer nimemwita mchawi wa damu kwa sababu uchawi wake ni wa kuzaliwa nao. Druidi (mchawi wa mazingira asilia) na paladini (shujaa wa kiapo) nimewaacha na majina yao.

Kuchanganya vitabu hivi si jambo la jana. Mchezo ulitoka 1974, na kufikia mwisho wa miaka ya sabini tayari kulikuwa na sanduku la wanaoanza upande huu na vitabu vya daraja la juu upande ule. Katika sanduku la 1981, Elf ilikuwa fani nzima peke yake, ilhali katika vitabu vya juu Elf ni jamii, na fani unachagua mwenyewe. Watu walichanganya hivyo hivyo. Sisi tuna bahati: vitabu vya 2014 vimejengwa juu ya msingi mmoja, kwa hiyo mhusika wa kitabu kikubwa anakaa meza moja na yule wa sheria za bure bila kubadilisha hesabu yoyote. Ugumu uko kwa watu na muda wao.

Hatua ya kwanza: jua ulichonacho

Sanduku la 2014 lina kijitabu cha sheria cha kurasa 32, hadithi ya kurasa 64, dadu sita, na wahusika watano walio tayari: wapiganaji wawili, kuhani mmoja, mjanja mmoja, mchawi mmoja. Linakufikisha ngazi ya 5. Ndani yake hakuna maelezo ya kuunda mhusika. Hayo yamo katika Basic Rules, faili la bure lenye jamii nne (binadamu, Elf, Dwarf, Halfling) na zile fani nne, kila fani ikiwa na tawi (subclass) moja tu.

Kati ya sheria za bure na kitabu cha kununua kuna ngazi ya katikati ambayo wengi hawaijui: SRD 5.1 (System Reference Document), hati ya sheria za msingi za mchezo. Tangu Januari 2023 iko chini ya leseni ya Creative Commons, na ina fani zote 12, kila moja na tawi moja. Unaweza kuipakua, kuichapisha na hata kuitafsiri kwa Kiswahili na kuisambaza, mradi tu utaje ilikotoka kama leseni inavyotaka. Kwa meza ambayo kitabu kipya kitaagizwa kutoka nje na kugharimu kuliko vikao vya miezi mitatu, hapa ndipo pa kuanzia. Kuna faida nyingine pia: kwa kuwa kila fani ina tawi moja, mchezaji hapotei msituni. Druidi wa SRD, kwa mfano, ni yule wa ardhi, na yule wa mwezi, ambaye nitamweleza hapa chini, hayumo kabisa.

Kabla hujaongeza chochote, cheza vikao viwili kamili na ulichonacho. Pointi 300 za uzoefu zinawafikisha ngazi ya 2, na 900 ngazi ya 3. Katika kipindi hicho utaona nani anasoma karatasi yake nyumbani na nani anaishika mara tu anapokaa mezani. Taarifa hiyo utaihitaji.

Hatua ya pili: muulize anataka nini, kitabu kikiwa kimefungwa

Usiulize "unataka fani gani?" Uliza "unamwona akifanya nini?" Mara nyingi jibu halihitaji sheria mpya hata moja.

Mezani kwetu dada mmoja alitaka mganga wa miti shamba aliyekulia msituni. Kila mtu alikwishamkimbilia druidi. Tukakaa kidogo, tukagundua anachotaka ni kuponya watu, kujua mizizi na majani, na kuogopwa kidogo kijijini. Kuhani wa sheria za bure, tawi la Life, alimtosha kabisa. Tulimpa vifaa vya dawa za mitishamba, tukasema nguvu zake zinatoka kwenye mti mkubwa ambao bibi yake alizikwa chini yake, na badala ya nembo ya hekaluni akavaa hirizi ya gome la mti. Kanuni hazikuguswa. Alicheza hadi ngazi ya 5 na hakuna aliyemwona kama kuhani wa kawaida.

Lakini akikwambia "nataka kugeuka mnyama", hapo hakuna njia ya pembeni. Anahitaji druidi, na unaenda hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: pima kwa dakika kabla ya kupima kwa nguvu

Waendeshaji wapya hukihofia kitabu kikubwa kwa sababu ya nguvu. Wanadhani wahusika wake watawafunika wale wanne wa mwanzo. Wachache wanafanya hivyo, na nitawataja. Kinachoharibu meza za wanaoanza mara nyingi zaidi ni muda: zamu ya mtu mmoja inachukua dakika nne huku wengine wakifungua WhatsApp. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa kila chaguo ni hili: zamu yake ikifika, wenzake watasubiri kwa muda gani?

Ukiuliza hivyo, orodha yako inapangika upya kabisa. Mchawi, ambaye yumo kwenye sheria za bure, ni mgumu kuliko mbabe ambaye hayumo. Mchawi anachagua uchawi wa kuandaa kila asubuhi na kuhesabu nafasi za kuutumia. Mbabe anakasirika na kupiga. Kama una mchezaji anayelemewa na karatasi ya mchawi, kumhamishia kwenye fani ya "juu" kunaweza kuwa ndiyo huruma kubwa utakayomfanyia.

Hivi ndivyo ninavyowagawa.

Wa kuruhusiwa mara moja ni mbabe na paladini, pamoja na karibu jamii zote za kitabu kikuu. Jamii ni rahisi kwa sababu uwezo wake unauandika mara moja kisha unausahau mpaka siku yake. Half-orc nampenda sana kwa wanaoanza: akiangushwa hadi sufuri anabaki na pointi 1 ya uhai, mara moja kati ya pumziko refu (kulala usiku) na jingine. Katika ngazi ya 1, ambapo mishale miwili ya goblini inaweza kukulaza, hiyo ni zawadi kubwa. Tiefling, yule mwenye pembe wa kwenye picha, anapunguziwa nusu ya madhara ya moto na haleti shida yoyote. Mmoja wa kumtazama vizuri ni Drow, yaani Elf wa chini ya ardhi: juani anashambulia kwa tabu, na hadithi nyingi za mwanzo ziko barabarani mchana. Mwambie mchezaji hilo kabla hajaipenda picha.

Wanaohitaji somo dogo kwanza ni manju, mlozi, mtawa, mchawi wa damu na mwanapori.

Manju anasahaulika kwa sababu moja: anawapa wenzake dadu ya hamasa ya pande sita, nao wanasahau kwamba wanayo. Dawa yake ni kumpa mwenzake dadu yenyewe mkononi. Dadu ya ludo inatosha. Ikiwa mezani mbele ya mtu, ataitumia.

Mlozi na mtawa wanaishi kwa mapumziko mafupi, yale ya saa moja. Mlozi wa ngazi ya 2 ana nafasi mbili tu za uchawi, lakini zinarudi kila pumziko fupi. Ukiendesha pambano moja kisha watu wakalala hadi asubuhi, mchawi ana nafasi tatu na mlozi ana mbili, naye ataona amepunjwa. Ukiweka mapumziko mafupi mawili kati ya asubuhi na usiku, mlozi anakuwa na sita. Kitabu cha mwendesha mchezo cha 2014 kinakadiria mapumziko mafupi kama mawili kwa siku ya safari, na fani hizi zimepigwa hesabu juu ya hilo. Kwa hiyo kabla ya kumkubali mlozi, jichunguze wewe: je, watu wako hupata saa moja ya kukaa chini ya mti? Kama hawapati, rekebisha hilo kwanza. Hata mpiganaji wako wa mwanzo atafaidika, maana pumzi yake ya pili (Second Wind, uwezo wa kujiponya kidogo) nayo inarudi kwenye pumziko fupi.

Mwanapori wa 2014 anategemea wewe umwambie ukweli. Anachagua adui anayemfahamu na mazingira aliyoyazoea. Akichagua jangwa na majoka wakati hadithi nzima ni msitu na magoblini, amechora nusu ya karatasi yake bure. Mnong'oneze. Hilo halivunji siri yoyote ya hadithi: mtu aliyekulia maeneo hayo angejua. Akifika ngazi ya 3, msogeze kuelekea tawi la Hunter. Lile la kufuga mnyama linamfanya aongoze viumbe viwili, na katika vitabu vya 2014 kumwagiza mnyama ashambulie kunakula tendo lake mwenyewe. Anasubirisha watu zaidi na kupata kidogo.

Wa baadaye ni vipaji, yaani feats, kuchanganya fani mbili kwa mhusika mmoja, na druidi wa mwezi. Kitabu chenyewe kimeviweka vipaji na kuchanganya fani kuwa ni hiari ya mwendesha mchezo, kwa hiyo ukisema "bado" hujamnyima mtu haki yake.

Wa kukataliwa kwa sasa ni uchawi wa kuita viumbe wengi na jamii zenye mabawa zilizomo kwenye vitabu vya ziada. Druidi wa ngazi ya 5 anaweza kuita mbwa mwitu wanane. Mbwa mwitu hushambulia kwa dadu mbili, achukue iliyo kubwa, mwenzake akiwa karibu na adui. Hizo ni dadu 16 za pande 20 katika zamu ya mtu mmoja, hata kabla ya kuhesabu madhara. Na mtu anayeruka tangu ngazi ya 1 anafuta mashimo, kuta na mito yote uliyokwishaandaa. Ligi rasmi ya mchezo huu, kwa miaka kadhaa, iliwabana wachezaji kwa kitabu kikuu na kimoja cha ziada tu. Kwa meza ya wanaoanza, mimi nabaki na kitabu kikuu peke yake mpaka hadithi ya kwanza iishe.

Hatua ya nne: mjaribu nyumbani dhidi ya magoblini wanne

Chukua karatasi, muunde mhusika wa ngazi ya 1, ya 3 na ya 5. Kisha mpambanishe na adui wale wale ambao meza yako inakutana nao. Goblini wa 2014 ana kinga (Armor Class, namba ambayo dadu ya kulenga pamoja na bonasi lazima iifikie) ya 15 na pointi 7 za uhai. Hadithi ya sandukuni inaanza na wanne wao wakivizia njiani, kwa hiyo ni kipimo kizuri.

Tufanye mfano mmoja hadi mwisho. Mchezaji anataka binadamu wa aina mbadala (Variant Human), yule anayepata kipaji tangu ngazi ya 1, na kipaji anachotaka ni Sharpshooter: akikubali kupunguza 5 kwenye dadu ya kulenga, anaongeza 10 kwenye madhara. Yeye ni mpiganaji wa upinde. Bonasi yake ya kulenga ni 7: umahiri 2, wepesi 3, mtindo wa upinde 2.

Dhidi ya goblini, bila kipaji, anahitaji 8 au zaidi kwenye dadu, yaani asilimia 65. Mshale unatoa dadu ya pande nane na 3 juu yake. Ili kumuua goblini mwenye pointi 7 dadu ya madhara lazima itoe 4 au zaidi, nafasi tano kati ya nane. Zidisha, unapata kama asilimia 41 ya kumuua kwa mshale mmoja. Akitumia kipaji, bonasi inashuka hadi 2, anahitaji 13, yaani asilimia 40, na akipata goblini amekufa kwa hakika. Arobaini na moja dhidi ya arobaini. Kwa magoblini, kipaji hiki kinachotisha hakijabadilisha kitu.

Sasa mlete zimwi (Ogre): kinga 11, pointi 59. Bila kipaji anapata kwa asilimia 85 na wastani wa madhara 7.5, yaani kama 6.4 kwa kila mshale anaorusha. Na kipaji ni asilimia 60, wastani 17.5, yaani 10.5 kwa kila mshale. Hapo tofauti ni kubwa, na itaonekana wazi mbele ya mpiganaji wa upanga aliyekaa kando yake.

Hesabu haikuonyesha jambo moja. Kipaji hicho hicho kinamfanya apuuze miti na mawe ambayo adui wamejificha nyuma yake, na kumruhusu kulenga mbali bila adhabu. Yaani ule uviziaji wa kwanza, ambao wachezaji wapya wangejifunza kusogea, kuzunguka na kujibanza, yeye anaumaliza akiwa amesimama palepale. Sababu yangu ya kusema "subiri ngazi ya 4" iko hapo, zaidi ya kwenye zile asilimia. Katika ngazi ya 4 kila mhusika anapata nafasi ya kuongeza uwezo wake, na anayetaka anaweza kuchukua kipaji badala yake. Wote wanafika pamoja, na kila mmoja anapata kitu.

Ukifungua vipaji, anza na vile visivyosimamisha mchezo. Tough inaongeza pointi 2 za uhai kwa kila ngazi na imekwisha. Alert inaongeza 5 kwenye kupanga zamu. Lucky ninaiahirisha, kwa sababu mara tatu kwa siku inamfanya mchezaji asite baada ya kila dadu mbaya: nitumie, nisitumie? Meza nzima inasita naye.

Druidi wa mwezi naye mpime hivyo hivyo. Katika ngazi ya 2 anaweza kugeuka dubu wa kahawia mwenye pointi 34 za uhai, ambaye anauma na kuparura katika tendo moja, kwa wastani kama 19 vyote vikipata. Mpiganaji wa ngazi ya 2 mwenye afya (Constitution) ya 14 ana pointi 20, na upanga wake unatoa kama 7 au 9. Dubu akiisha druidi anarudi na uhai wake mwenyewe wote, kisha anaweza kugeuka tena, na baada ya pumziko fupi hesabu inaanza upya. Mpiganaji akifika ngazi ya 5 anapiga mara mbili, wakati druidi bado yuko na wanyama wale wale, na pengo linapungua sana. Kwa hiyo shida yake ni ya ngazi ya 2 hadi 4, yaani pale pale ambapo meza ya wanaoanza inaishi. Ukimruhusu, mwanzishe na mbwa mwitu, na dubu aje wakati wenzake wamefika ngazi ya 5. Mwambie hivyo siku ya kwanza, kabla hajachora karatasi.

Hatua ya tano: mwandikie kadi

Hapa ndipo kazi yote inapookoka au kupotea. Usimpe mchezaji mpya kurasa sita za kitabu. Mwandikie kadi moja, upande mmoja, kwa Kiswahili, kwa maneno ambayo ungeyatumia ukimwelekeza kwa mdomo. Hii ni kadi niliyoiandika kwa mbabe wa ngazi ya 1:

*Mwanzo wa pambano: sema "nakasirika". Haili tendo lako kuu, unabaki na shambulio.*
*Ukiwa na hasira: ongeza 2 kwenye madhara ya silaha ya mkononi unayopiga kwa nguvu zako. Mapanga, mishale na rungu vinakuumiza nusu tu. Kuinua, kusukuma, kuvunja: rusha dadu mbili, chukua kubwa.*
*Hasira inaisha baada ya dakika moja, au zamu yako ikiisha hujashambulia adui wala hujaumizwa tangu zamu iliyopita.*
*Mara mbili tu hadi ulale usiku. Chora mduara kila ukitumia:  O  O*
*Usivae deraya nzito.*

Miduara miwili ya kuchora inaonekana jambo dogo. Lakini inaondoa lile swali la kila pambano, "nimebakiza ngapi?", na inampa mchezaji raha ya kufuta kitu kwa kalamu.

Kadi isipotosha upande mmoja, chaguo hilo bado ni zito kwa mtu huyo. Simaanishi kwamba hana uwezo. Mwombe aje na kadi aliyoiandika mwenyewe. Akiweza kuiandika, ameshalielewa.

Hatua ya sita: mwingize, mmoja kwa wakati

Chaguo moja jipya kwa kikao, na litokee kwenye kubadilisha ngazi au mwanzo wa safari mpya. Wachezaji watano wakileta fani tano mpya siku moja, wewe ndiye unayezama, na kikao kinageuka darasa.

Kuhusu wale waliokwishaanza na wahusika wa sandukuni, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha mhusika yule yule: mpiganaji mtukufu wa sandukuni anaapa kiapo na kuwa paladini, ngazi ile ile, jina lile lile, mnaijenga karatasi upya kabla ya kikao. Mimi naruhusu hili mara moja kwa kila mtu, hadi ngazi ya 3. Ya pili ni mhusika mpya kabisa, anayeingia akiwa ngazi ya wenzake, wala asianzie chini. Ngazi mbili nyuma katika mchezo huu ni sawa na kuketi benchi.

Usimwingize kwa hotuba ya kujitambulisha. Mweke ndani ya tatizo: amefungwa kwenye pango la magoblini, au ndiye aliyewafuata maadui wale wale kwa sababu zake. Wenzake wamwokoe au awaokoe, ndani ya nusu saa ya kwanza.

Anayetaka kuchanganya fani mbili mwonyeshe ngazi ya 5. Sharti la kitabu ni alama ya 13 kwenye uwezo mkuu wa kila fani inayohusika, na wengi wanalitimiza, wakadhani wamemaliza. Lakini mpiganaji wa ngazi ya 5 anapata shambulio la pili, na mchawi wa ngazi ya 5 anapata uchawi wa daraja la tatu, ukiwemo mpira wa moto wa dadu nane za pande sita. Mwenye ngazi tatu za mpiganaji na mbili za mchawi hana hili wala lile. Anawatazama wenzake wakiruka juu naye amebaki. Mwandikie ngazi tano hizo bega kwa bega kwenye karatasi, kisha mwache achague.

Hatua ya saba: watunze waliobaki na wahusika wa kawaida

Kila mezani kuna mtu anayempenda mpiganaji wake wa sandukuni na hataki kumbadilisha. Mara nyingi ndiye mnyamavu. Ukileta fani mpya tatu bila kumfikiria, atajiona kama mgeni kwenye sherehe aliyoianzisha.

Mpe upanga wenye uchawi mapema. Mpe jina mjini: watu wanamsimamisha yeye sokoni, siyo mlozi. Weka mapambano yenye adui wengi wanaosogea, ambapo mtu mwenye kinga kubwa aliyesimama mlangoni ndiye anayeokoa wote.

Na unapoongeza ugumu kwa sababu kundi limepata nguvu, ongeza idadi ya adui kabla ya kuwaongezea kinga. Ukipandisha kinga ya magoblini kutoka 15 hadi 18, unamwadhibu zaidi yule mwenye bonasi ndogo, yaani yule wa kawaida. Ukiongeza magoblini wawili, kila mtu anapata wa kumpiga. Kumbuka pia mbabe: ana pointi kama 15 ngazi ya 1, na akikasirika, mishale na mapanga ya magoblini yanampata nusu, kwa hiyo kwao ni kama ana 30. Usiwaelekeze magoblini wote kwake ili "kusawazisha", wala usiwaelekeze wote kwa mchawi mwenye pointi 8. Wagawe.

Kama kuna mwenzenu mwenye vitabu vya 2024, soma hili kabla hajakaa. Msingi ni ule ule, lakini vipaji vya mwanzo sasa vinakuja na historia ya mhusika, matawi yote yanafunguka ngazi ya 3, ile hesabu ya punguza 5 ongeza 10 imeondolewa kwenye Sharpshooter, na druidi akigeuka mnyama hapati tena rundo la uhai wa mnyama huyo. Mhusika mmoja ajengwe kwa kitabu kimoja, chote. Tatizo huanza mtu anapochukua fani ya 2024 na kipaji cha 2014.

Hatua ya nane: vikao vitatu vya majaribio

Siku ya kumwingiza mhusika mpya, sema mbele ya wote: tunamjaribu kwa vikao vitatu, kisha tutaongea. Sema kabla, ili ukija kurekebisha isionekane umemkasirikia mtu.

Katika vikao hivyo andika mambo mawili tu pembeni ya daftari. Zamu yake ilichukua muda gani, kwa makadirio. Na ni mara ngapi mwingine alitaka kufanya jambo, akakuta yeye ameshalifanya. Hilo la pili linauma zaidi kuliko madhara makubwa. Manju anayefungua kufuli zote mbele ya mjanja amemnyang'anya mwenzake kazi, hata kama hesabu zake ni ndogo.

Kikao cha tatu kikiisha, ongea naye kwanza mkiwa wawili. Kama kuna la kupunguza, punguza jambo moja, na umpe kitu mkononi papo hapo. Kwa druidi wetu nilisema hivi: "Dubu tumwache hadi ngazi ya 5. Badala yake, mbwa mwitu wako ana makovu, na wanyama wa msitu huu wanamtambua. Ukiwauliza njia, watakuonyesha." Alifikiri kidogo, akauliza kama kovu moja linaweza kuwa jichoni. Tukaliandika kwenye kadi.